Uyoga, Kuvu, Koga na Ukungu: Safari ya Maneno Manne hadi Msitu wa Ngezi

Mtu anayeingia katika msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi ya kisiwa cha Pemba, siku chache baada ya mvua kubwa ya masika, hukutana na viumbe ambao hakuwaona wiki iliyotangulia. Juu ya magogo yaliyoanguka, katika mizizi ya miti mikubwa na chini ya majani makavu huwa wameota wenye umbo la mwavuli, wengine wana umbo la sikio, na wengine la kipepeo au la kidole. Aliyechukua kamera atapiga picha nyingi kwa furaha. Taabu yake huanza jioni, anapokaa kuandika maelezo chini ya kila picha, kwa maana hapo ndipo anapotambua kwamba kwa picha zote alizopiga analo neno moja tu: uyoga.

Katika makala hii tunakusudia kuchunguza historia ya maneno manne ya Kiswahili yanayohusu viumbe hao, nayo ni uyoga, kuvu, koga na ukungu. Tutaeleza jinsi yalivyotumika nyumbani na shambani, jinsi yalivyoingizwa katika kamusi, na jinsi elimu ya viumbe ilivyoyataka yabebe mzigo mpya. Hatuandiki haya kwa ajili ya kupamba maelezo ya picha tu. Tutaonyesha kwamba uteuzi wa neno katika jambo hili umepata kuhusu afya na uhai wa watu, na kwamba mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali hana budi kujua neno lipi analitumia na kwa nini.

PICHA NYINGI, NENO MOJA

Msitu wa Ngezi una ukubwa wa hektari 1,400 na ushei, na ni mabaki ya msitu mnene uliokuwa umeenea zaidi kisiwani kabla ya mashamba ya mikarafuu. Wasomi wa mimea wanaujua kwa miti yake isiyo ya kawaida. Upo mpapindi, mnazi wa porini ambao jina lake la kitaalamu, Dypsis pembana, limebeba jina la kisiwa chenyewe. Upo pia mjoho, mti mrefu ambao wataalamu huuita Odyendea zimmermannii kwa kumkumbuka Albrecht Zimmermann, mtaalamu Mjerumani wa mimea na maradhi yake aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20. Kila mmoja wa miti hii una jina la Kiswahili na jina la Kilatini, na majina yote mawili yako wazi kwa anayeuliza.

Viumbe wanaoota chini ya miti hiyo hawakupata heshima hiyo. Katika matembezi yetu tulipiga picha ya vipepeo vidogo vyeupe vyenye manyoya juu ya tawi kavu, wa aina ambayo wataalamu huiita Schizophyllum commune na ambayo huonekana karibu kila nchi ya joto. Tulipiga picha ya nyama laini ya rangi ya kahawia iliyokunjamana mfano wa sikio la mtu, ya jenasi ya Auricularia. Ya vibao vigumu vilivyobandikana na shina kama rafu za duka, vingine vyekundu vya kukoza. Na ya vidole vyeusi vilivyochomoza katika gogo lililooza, ambavyo kwa mbali vingeweza kudhaniwa kuwa ni makaa.

Mzee wa jirani tuliyefuatana naye alilikubali neno uyoga bila ya shaka kwa wale wenye kofia na kikonyo walioota ardhini. Kwa sikio alisita. Kwa vibao vigumu alikataa kabisa: kwake hicho kilikuwa ni ugonjwa wa mti, wala si uyoga. Na tulipomwonyesha utando mweupe uliotambaa chini ya gome la gogo, alisema kwamba hiyo ni koga. Hakukosea hata mara moja. Alikuwa akiyatumia maneno kama lugha ilivyomrithisha. Lakini kwa mtaalamu wa viumbe, vitu vyote vile alivyovitenga mzee ni vya milki moja, na huenda ule utando chini ya gome na kile kibao juu ya gome vikawa ni kiumbe kimoja: utando ndio mwili wake wa kila siku, na kibao ni tunda lake la kuzalia.

Hapa ndipo lilipo tatizo letu. Hatuwezi kusema kwamba Kiswahili hakina maneno. Kinayo, na ni mazuri. Ila kila neno lilizaliwa katika pembe yake, na maneno hayo hayakupata kukutanishwa.

MANENO MANNE NA VITENZI VYAKE

Njia nzuri ya kujua wasemaji wanalionaje jambo ni kutazama vitenzi wanavyovifuatisha na jina lake. Uyoga huota. Mkate au embe huota kuvu, au hufanya ukungu. Nguo zilizowekwa kabatini wakati wa masika, na ukuta wa nyumba yenye unyevu, huingia koga. Kitenzi kuota ni cha kitu chenye uhai kinachotoka ndani na kukua. Kitenzi kuingia ni cha kitu kinachotoka nje na kukaa juu. Kwa hiyo koga huwazwa kuwa ni uchafu uliojia nguo, ambao hupigwa brashi, huanikwa juani na kwisha. Katika matumizi hayo haiwazwi kuwa ni kiumbe anayekula.

Ukungu una taabu nyingine. Neno hilo hilo ni jina la mvuke mzito unaofunika mabonde ya Pemba asubuhi, na pia la weupe wa alfajiri kabla jua halijachomoza. Msemaji wa zamani aliona weupe hafifu usio na umbo, akaupa jina moja popote alipouona, iwe angani au juu ya chakula. Ni tamathali nzuri, lakini kwa istilahi ni mtego. Koga nayo inafanana kwa sauti na kitenzi cha kuoga kama kinavyosemwa katika baadhi ya lahaja za Visiwani, na pia na kitenzi cha kujishaua.

Uyoga ni neno la ngeli ya u-, na wingi wake wa kamusi ni nyoga. Hata hivyo wasemaji wengi husema uyoga mmoja na uyoga mwingi, kama wasemavyo kuhusu unga, na wingi wa nyoga husikika kwa nadra. Anayetaka kuhesabu hutumia zaidi kiyoga na viyoga, umbo ambalo nalo ni la siku nyingi. Tofauti hii ina faida kwetu, kama tutakavyoona, kwa kuwa inatuwezesha kutenga kitu kwa ujumla wake na kipande kimoja kinachohesabika.

Ndugu za Kiswahili pia wana maneno yao. Waganda husema butiko, na uyoga una hadhi kubwa kwao hata ukoo mmoja maarufu unaitwa kwa jina hilo. Wachewa husema bowa, na neno la mfano huo husikika kwa majirani zao wa Zambia. Katika nchi hizo za bara, zenye misitu ya miombo na vichuguu vikubwa, uyoga ni chakula cha msimu kinachotazamiwa kwa hamu, na majina ya aina mbalimbali ni mengi, kwa sababu mama anayepeleka mtoto kuchuma hana budi kumtajia ulio mzuri na ulio hatari. Tukilinganisha tunaona kanuni moja: watu hutoa majina mengi pale wanapopata chakula au madhara, na hutoa jina moja pale wanapopita tu. Pemba, kisiwa cha samaki, muhogo, mpunga na karafuu, kiliupita uyoga wake mwingi bila ya kuuita.

KAMUSI ZA MWANZO

Waliotangulia kuyaandika maneno haya kwa herufi za Kirumi walikuwa wamisionari. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882. Edward Steere alitoa kitabu chake cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. A. C. Madan alifuata kwa kamusi zake za mwaka 1894 na 1903. Mwaka 1939 zilitoka kamusi mbili kubwa: ile ya Charles Sacleux, iliyokusanya maneno ya lahaja nyingi kwa maelezo ya Kifaransa, na ile ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930, ambayo mhariri wake alikuwa Frederick Johnson.

Hapana shaka kwamba tuna deni kubwa kwa kazi hizo. Lakini yapasa tukumbuke kusudi lake. Zilitengenezwa ili mgeni aelewe Mswahili anasema nini, wala hazikutengenezwa ili Mswahili apange elimu yake. Kwa sababu hiyo ziliyafafanua kuvu, koga na ukungu kwa maneno ya kigeni yanayokaribiana, na mara nyingi moja likaelezwa kwa jingine. Msomaji wa baadaye akaamini kwamba matatu hayo ni visawe kamili, na kwamba ni hiari yake kuchukua lolote. Vitenzi tulivyovitaja hapo juu, ambavyo ndivyo vilivyobeba tofauti, vilipotea njiani.

Kazi ya kuichunguza lahaja yenyewe ya Pemba ilikuja baadaye. W. H. Whiteley alichapisha uchunguzi wake wa lahaja na tungo za Pemba mwaka 1958, na katika zama zetu Baraza la Kiswahili la Zanzibar limefanya jambo la kushukuriwa kwa kutoa kamusi ya Kipemba. Hata hivyo majina ya viumbe wadogo wa msituni ni katika mambo ambayo mkusanyaji wa maneno huyakosa kwa urahisi. Akikaa barazani na kuuliza, wazee watamtajia vyombo, samaki na jamaa. Uyoga hauko barazani, na hauko mwaka mzima. Anayetaka majina yake hana budi kwenda nao mahali ulipo, siku ulipo.

SHAMBANI, ZAHANATINI NA JIKONI

Tuingie sasa katika pembe ambazo maneno mengine yalizaliwa. Ya kwanza ni shamba. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo ghala ya karafuu. Mkulima wa Pemba anajua kwamba karafuu zikirundikwa kabla ya kukauka huchachuka, hupauka na kushuka bei, na anazo lawama zake na jina lake la karafuu hizo, mpeta. Madhara yanayoonekana juu ya jamvi yalipata jina mapema.

Madhara yasiyoonekana hayakupata. Katika miaka ya 1940 wataalamu waliletwa Zanzibar kuchunguza ugonjwa uliokuwa ukiua mikarafuu mikubwa kwa ghafla: mti uliokuwa na afya hupoteza majani na kufa katika muda mfupi. F. J. Nutman na F. M. L. Sheffield walitoa taarifa yao mwaka 1949, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Nutman na Roberts wakaeleza kwamba mhusika ni kuvu iitwayo Valsa eugeniae, inayoshambulia mizizi. Taarifa hizo ziliandikwa kwa Kiingereza. Fikiria basi kazi ya bwana shamba aliyetakiwa kumweleza mkulima kwa Kiswahili. Angesema mti umeingia koga, mkulima angetazama shina na majani asione koga yoyote. Angesema ukungu, angetazama angani. Neno lililofaa ni kuvu, lakini kuvu nayo ilijulikana kwa mikate na maembe. Hapakuwa na neno la kiumbe anayeishi ndani ya mti bila ya kuonekana.

Bara, mambo yalikwenda vingine kwa zao la korosho. Uzalishaji ulishuka kutoka tani 145,000 hivi katika msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo za bei na za kuhama kwa watu kwenda vijijini, lakini mojawapo ilikuwa ugonjwa unaofunika maua na majani machanga kwa vumbi jeupe. Ugonjwa huo ulipata jina la Kiswahili, nalo ni ubwiri unga, na leo mkulima wa Mtwara au Lindi hulitaja pamoja na salfa anayoipuliza kama anavyotaja jembe lake. Jina hilo limefuatiwa na mengine: ubwiri vinyoya, chule, bakajani, kutu ya majani, mnyauko. Haya ni mafanikio ya kweli ya lugha. Yametungwa kwa alama inayoonekana kwa macho, ni mafupi, na yanasemeka.

Mfasiri lakini ajihadhari na jambo moja. Majina hayo ni ya maradhi, wala si ya viumbe wanaoyaleta. Ubwiri unga huletwa na kuvu ya kweli. Ubwiri vinyoya na bakajani chelewa huletwa na viumbe wanaofanana na kuvu kwa umbo tu, ambao wataalamu wamekwisha kuwatenga katika kundi jingine. Basi asemaye kwamba maradhi yote hayo yanaletwa na kuvu amekwenda mbele ya ushahidi.

Pembe ya pili ni zahanati. Kwa ngozi tulikuwa na choa na mba tangu zamani. Hospitali zilileta fangasi, neno lililochukuliwa katika Kiingereza, nalo limeenea sana mijini. Hatuna ugomvi na neno la kukopa ambalo wananchi wamelipokea. Tatizo ni kwamba fangasi imekuwa ni jina la ugonjwa wa mwili wa mtu peke yake, hata mwanafunzi akaona ajabu kuambiwa kwamba kinachomwasha miguuni na kinachoota katika gogo la Ngezi ni ndugu.

Pembe ya tatu ni jiko. Mama anayeumua unga wa vitumbua kwa hamira anatumia kuvu hai, ndogo isiyoonekana ila kwa hadubini. Na dawa ya penisilini, iliyotokana na jambo aliloliona Alexander Fleming mwaka 1928 katika kisahani chake cha maabara, asili yake ni kuvu ya kijani ya namna inayoota katika tunda lililooza. Kwa hiyo katika nyumba moja, siku moja, familia huweza kukutana na kuvu kwa majina matano, ikiila, ikiikimbia, ikiipangusa na ikinywa dawa yake, bila ya lugha kuwaambia kwamba ni jamaa mmoja.

KUVU SI MMEA

Wakati huo elimu yenyewe ilikuwa ikibadilika. Tangu zama za Linnaeus katika karne ya 18, kuvu ziliwekwa katika milki ya mimea, kwa kuwa zimesimama mahali pamoja. Mwaka 1969 R. H. Whittaker alipendekeza viumbe wagawanywe katika milki tano, na kuvu zikapewa milki yake peke yake. Sababu ni za msingi. Mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, ilhali kuvu hula kilichotengenezwa na wengine, kwa kukimeng'enya nje ya mwili wake na kukifyonza. Kuta za seli za kuvu zina kitini, kitu kilichomo pia katika gamba la mdudu na la kaa. Uchunguzi wa miaka ya 1990 ukazidi kuonyesha kwamba kuvu ziko karibu zaidi na wanyama kuliko mimea.

Hapana budi basi desturi yetu ya kufafanua uyoga kuwa ni mmea mdogo usio na majani irekebishwe, katika kamusi na katika vitabu vya shule. Mwalimu anayefundisha milki za viumbe asubuhi hawezi kumpa mwanafunzi kamusi inayompinga mchana. Kuhusu jina la milki, tunaona kwamba kuvu ndilo linalofaa kuliko mengine matatu. Halina maana nyingine ya kuchanganya, kama ukungu. Halifanani na kitenzi, kama koga. Halibani umbo, kama uyoga. Na wasemaji wenyewe husema kuvu huota, yaani walikwisha kuihesabu kuwa ni hai. Utaratibu uliokubalika wa kuunda istilahi hututaka tutafute kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, ndipo tuende ng'ambo. Hapa hatukuhitaji hata kutoka nje ya mlango.

MWAKA 2016 NA NENO SUMUKUVU

Kama yuko msomaji anayeona kwamba haya ni mabishano ya wanakamusi, na akumbuke yaliyotokea mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu 68 waliugua na 20 kati yao walikufa kwa sumu iliyokuwamo katika mahindi waliyoyala. Miaka 12 kabla yake, mwaka 2004, mashariki mwa Kenya waliugua watu 317 na kufa 125 kwa sababu hiyo hiyo. Sumu hiyo iligunduliwa baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga, nayo ikaitwa aflatoksini kutokana na jina la kuvu inayoitoa, Aspergillus flavus.

Wataalamu walitakiwa waonye wananchi, na onyo huhitaji neno. Fikiria tangazo linalosema: msile mahindi yenye ukungu, au yaliyoingia koga. Mkulima mwangalifu atafanya nini? Atafanya kile ambacho neno limemfundisha. Atayapangusa, atayaosha, atayaanika juani, na weupe ukiondoka ataona kwamba koga imekwisha. Lakini sumu haipanguswi, wala kupika kwa kawaida hakuimalizi, na huweza kuwamo katika punje ambayo kwa macho haina dosari. Neno la zamani, lililo sahihi kabisa kwa kanzu iliyokaa kabatini, lingempoteza mtu katika chakula cha watoto wake.

Neno lililoshika ni sumukuvu. Mradi wa serikali wa kudhibiti madhara hayo umelibeba katika jina lake, na leo husikika redioni na katika mikutano ya vijiji. Tunaliona kuwa ni mojawapo ya istilahi zilizoundwa vizuri. Limeunganisha majina mawili bila ya kihusishi, kama bakajani. Linamwambia msikilizaji papo hapo kwamba kitu hiki ni sumu, na kwamba kimetoka kwa kiumbe. Halimwelekezi kupangusa. Tuna onyo moja kwa wafasiri: sumukuvu ni jina la jumla la sumu zote zinazotolewa na kuvu, na aflatoksini ni mojawapo tu. Fumonisini nayo ni sumukuvu. Anayetafsiri taarifa ya maabara asiyachukue majina hayo kuwa ni visawe, kama waliotutangulia walivyozichukua kuvu na koga.

KURUDI NGEZI

Turudi sasa kwa mpiga picha tuliyemwacha na maelezo yake. Picha ya rangi ina thamani ya pekee katika elimu hii. Jani likikaushwa hubaki na umbo lake, ilhali uyoga ukikaushwa hunywea na kupoteza rangi. Wataalamu waliofanya kazi kwa vielelezo vikavu, kama D. N. Pegler wa bustani ya Kew aliyetoa kitabu chake cha uyoga wa Afrika Mashariki mwaka 1977, walitegemea sana maandishi ya waliouona ukiwa mbichi. Mwaka 2003 Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi walitoa kitabu cha uyoga wa Tanzania chenye picha za rangi, na wakayahifadhi humo majina ya wenyeji pamoja na ya Kilatini. Hiyo ndiyo njia tunayoitamani kwa Pemba.

Kwa kusudi hilo mpiga picha ahitaji maneno ya sehemu za kiyoga, na mengi yako tayari. Ile ya juu ni kofia. Kinachoibeba ni kikonyo. Pindo linalozunguka kikonyo katika baadhi ya aina ni pete. Zile kuta nyembamba zilizopangana chini ya kofia tunapendekeza ziitwe matamvua. Mpemba analijua neno hilo mara mbili, katika pindo la nguo na katika shavu la samaki, na mvuvi yeyote akigeuza kofia ya kiyoga atalitamka mwenyewe. Nyuzi zinazotambaa chini ya gome na ardhini ziitwe nyuzi za kuvu, na mkusanyiko wake utando. Vumbi la uzazi linaloanguka kutoka katika matamvua libaki spora. Kuliita mbegu ni kuirudisha kuvu katika mimea baada ya kuitoa.

Apige picha kwa juu, kwa ubavuni na kwa chini, na aweke kiberiti kando ili ukubwa ujulikane. Aandike tarehe, mahali, na kitu kilichooteshea: gogo, mti mzima, ardhi au kinyesi cha ng'ombe. Asichume bila ya idhini ya walinzi wa hifadhi, wala asile kwa kutegemea picha, kwa maana hakuna kanuni ya rangi wala ya harufu inayotenga uyoga mwema na wa sumu. Na juu ya yote, aulize. Amwonyeshe picha mzee wa Konde, mkata kuni wa Msuka, mama wa Micheweni, na aandike neno kama linavyotamkwa, pamoja na kitenzi chake. Akijibiwa kwamba hiki si uyoga bali ni ugonjwa wa mti, aandike vivyo hivyo, kwa kuwa na hiyo ni elimu.

Kwa kumalizia, tunashauri mambo matatu. Kuvu itumike kwa milki yote ya viumbe hawa, katika shule, wizara na maabara. Uyoga ubaki kwa kile kinachoota na kuonekana, na kiyoga kwa kimoja kinachohesabika. Koga na ukungu yabaki majumbani yalikozaliwa, kwa nguo, kuta na alfajiri, na yasitumwe kuonya juu ya sumu. Mzee tuliyefuatana naye Ngezi hatalazimika kubadili hata neno moja la usemi wake. Atakuwa ameongezewa moja tu, la kumwonyesha kwamba ile koga chini ya gome na ule ugonjwa wa mti juu yake ni kitu kimoja.